Sura na Kazi Yake: Zilikotoka Barua, Memo na Kumbukumbu Zetu

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya kwanza, niruhusuni nianze kwa kosa langu mwenyewe.

Kijijini kwetu kuna kikundi cha maji. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, wanachama waliona hapana haja ya kutafuta katibu mwingine. Niliwaandikia kumbukumbu kwa zaidi ya mwaka mmoja, na sifichi kwamba nilijivunia kazi hiyo. Kichwa kilikuwa na jina la kikundi, mahali, tarehe na saa. Waliohudhuria walitajwa kwa vyeo vyao. Waliotuma udhuru walitengwa na waliokosa bila udhuru. Kila hoja ilipewa nambari yake. Laiti ningalikuwa mtahiniwa, hakuna mtahini ambaye angaliniondolea hata alama moja ya sura.

Siku moja mzee mmoja alidai arudishiwe shilingi 4,000 alizotoa ili kununua mabomba. Mweka hazina akasema fedha zile zilikuwa mchango. Mzee akashikilia kwamba zilikuwa mkopo. Mama mwenyekiti akanigeukia: "Mwalimu, hebu tusomee uliyoandika siku ile." Nikafungua daftari, nikasoma kwa sauti ya darasani: wanachama walilijadili suala la mabomba kwa kina na mapana na hatimaye wakaafikiana. Nikanyamaza. Mama mwenyekiti akasubiri, kisha akauliza, "Wakaafikiana nini, mwalimu?"

Sikuwa na jibu. Mzee yule hakuja mkutanoni kwa miezi kadhaa, na mabinti zake wakaacha kuteka maji penye bomba letu. Nami nikaanza kujiuliza swali ambalo nadhani kila mwalimu wa insha za kiuamilifu anapaswa kujiuliza: je, tunawafundisha wanafunzi wetu kuandika kumbukumbu, au tunawafundisha kuchora kitu kinachofanana na kumbukumbu?

Unajua vyema jinsi karatasi ya 102/1 ilivyo. Mtahiniwa huandika insha mbili, na ile ya kwanza ni ya lazima. Aghalabu hiyo ya lazima ndiyo ya kiuamilifu: barua rasmi, memo, ripoti, kumbukumbu, tahariri, mahojiano, wasifu na kadhalika. Tukijua hivyo, sisi walimu tumefanya kilicho rahisi. Tumechapa sura za insha hizo katika vijikaratasi na kuzikaririsha kama vile watoto wa chuoni wanavyokaririshwa alifu na be. Mwanafunzi anajua kwamba neno MINT huandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari. Ukimuuliza kwa nini liko pale, atakuambia, "Ndivyo mwalimu alivyosema." Nami ukiniuliza miaka michache iliyopita ningalikujibu hivyo hivyo, ila ningalitaja silabasi badala ya mwalimu.

Ninachotaka kukuonyesha katika makala haya ni kwamba sura hizi hazikutungwa na Baraza la Mitihani. Kila mstari wake ulizaliwa na haja ya mtu fulani aliyekuwa kazini, na haja hiyo ikijulikana, mwanafunzi hahitaji kuukariri mstari wenyewe. Hebu basi tuirudie historia, tena tuianzie mbali kidogo.

Wengi wetu tulisoma vyuoni kwamba maandishi ya Kiswahili yalianza kwa tenzi. Tenzi ni johari yetu na siziondolei hadhi. Hata hivyo, maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana kubaki hadi leo katika nakala zake za asili si tenzi. Ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka wa 1711 kwa hati za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Zimehifadhiwa katika nyaraka za kihistoria za Goa, kule India. Kwa hiyo, mwanafunzi akikuambia kwamba barua ni mada kavu isiyo na uhusiano na fasihi yetu, mwambie kwamba ushahidi mkongwe zaidi tulio nao wa Kiswahili kilichowekwa kwenye karatasi ni barua.

Tena msamiati wenyewe unashuhudia. Barua, waraka, hati na stakabadhi ni maneno yaliyotoka Kiarabu. Cheti na hundi yametoka Bara Hindi. Risiti limekuja baadaye na Waingereza. Maneno haya hayakuingia kupitia shuleni. Yaliingia kupitia bandarini na dukani, kwa watu waliokuwa wakipimiana pembe na nguo, wakikopeshana, wakiogopa kudhulumiwa. Lugha haiazimi neno la hundi ikiwa wasemaji wake hawaandikiani madeni.

Barua ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, kama ilivyoandikwa pwani katika karne ya 19, ilikuwa na sura yake thabiti. Ilianza kwa kumtaja anayeandikiwa kwa heshima zake, ikafuatwa na salamu na dua ambazo zingeweza kuchukua mistari kadhaa. Kisha likaja lile neno la kuashiria kwamba salamu zimekwisha na shughuli imeanza: ama baadu, yaani baada ya hayo. Hapo ndipo mwandishi alipotoa habari yake. Mwishoni akasema wasalamu, akaandika jina lake na tarehe ya Hijria. Mwenye kusoma barua nyingi alijua mahali pa kuruka. Macho yake yalikwenda moja kwa moja penye ama baadu, kama vile macho ya karani wa leo yanavyokwenda penye mstari wa KUH. Ndiyo maana nasema huo ni mstari wa mada wa mababu zetu, hata kama haukupigiwa mstari chini yake.

Mzungu aliyetaka kufanya kazi pwani alilazimika kujifunza sura hiyo. Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya hati za Kiarabu mwaka wa 1892, na mwenzake Carl Velten akatoa mwongozo wa kusoma hati hizo mwaka wa 1901. Angalia jambo hilo kwa makini. Afisa wa Kijerumani alikuwa mwanafunzi wa sura ya barua ya Mswahili kabla ya sisi kuwa wanafunzi wa sura ya barua ya Mwingereza. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo ambaye tunamkumbuka kwa kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka mwaka wa 1903, alikuwa Berlin wakati huo akiwafundisha Wajerumani Kiswahili.

Na tawasifu je? Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba tawasifu si zoezi la mtihani tu, mtajie Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akazichapisha kwa hati za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka wa 1902 na 1903. Mtu huyu alifanya biashara ya pembe na ya watumwa, na hatumtaji ili kumsifu. Lakini tazama anavyoandika: anatuambia alikuwa na miaka 12 alipoanza safari za biashara ya sandarusi, anataja bidhaa, anataja aliyemkopesha, anataja safari ilichukua muda gani. Mfanyabiashara anajieleza kwa hesabu. Linganisha na tawasifu za wanafunzi wetu, ambazo aghalabu huanza kwa kusema mwandishi alizaliwa katika familia ya watu wacha Mungu na huishia kwa kusema ana matumaini makubwa ya siku za usoni, bila kutaja jambo hata moja ambalo lingeweza kumtofautisha na jirani yake wa dawati.

Walimu wa fasihi mtanisamehe nikiwaingilia nyumbani kwenu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858 hivi, tunaufundisha kama ushairi, na ndivyo inavyofaa. Lakini kumbuka unavyoanza: mama anamwita bintiye, anamtaka akae karibu na kuleta wino na karatasi, kwa maana anayo maneno ya kumwachia. Hapo tuna mwandishi, msomaji mmoja anayejulikana, na shughuli ya dharura, kwani mama ni mgonjwa. Huo ni wosia uliovaa vina na mizani. Naye Mariama Bâ wa Senegal, katika ile riwaya yake ya mwaka wa 1979 tunayoijua kwa Kiswahili kama Barua Ndefu Kama Hii, aliitumia barua kubeba uchungu wa mjane. Mpaka tuliouchora kati ya insha ya kiuamilifu na fasihi ni mpaka wa ratiba ya shule zaidi kuliko wa maandishi yenyewe.

Turejee kwenye historia. Serikali ya Wajerumani katika Tanganyika ilikitumia Kiswahili ofisini. Shule ya serikali ya Tanga ilitoa makarani, walimu na maakida, nao wakaandikiana na ofisi za wilaya kwa Kiswahili, sasa kwa hati za Kirumi. Gazeti la Kiongozi, lililoanza kutolewa shuleni hapo mwaka wa 1904, lilichapisha habari zilizoandikwa na watu hao hao kutoka sehemu mbalimbali. Utawala wenyewe ulikuwa wa mabavu. Vita vya Maji Maji vya mwaka wa 1905 hadi 1907 vinatosha kutukumbusha. Ila kwa upande wa lugha, kulikuwa na kizazi kizima kilichojua kwamba ripoti ya kazi huandikwa kwa Kiswahili. Waingereza walipoichukua nchi hiyo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikikuta Kiswahili kikiwa tayari ni lugha ya karatasi, na mwaka wa 1923 serikali yao ikaanzisha gazeti la Mambo Leo.

Kwetu Kenya mambo yalikwenda kwingine. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Kisumu mwaka wa 1901, na ofisi zake ziliandikiana kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuamrishia. Bwana aliandika kwa Kiingereza akamwamrisha mfanyakazi kwa Kiswahili kibovu. Usanifishaji ulitugusa, bila shaka: mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka wa 1930. Hata hivyo, kusanifisha tahajia ni jambo moja na kuipa lugha meza ofisini ni jambo jingine. Ripoti ya Binns ya mwaka wa 1952 ilipinga kuendelea kufundishwa kwa Kiswahili katika sehemu nyingi za nchi hii. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 Kiingereza kikaanza kutumiwa kufundishia tangu madarasa ya chini kabisa.

Hapa ndipo memo inapoingia, na lazima nikutoe pwani kwa aya mbili, kwa kuwa memo haikuzaliwa kwetu. Ilizaliwa katika makampuni ya nchi za viwanda, hasa Marekani, na chanzo chake kimoja ni reli. Tarehe 5 Oktoba 1841 treni mbili za abiria ziligongana uso kwa uso huko Massachusetts. Watu 2 walikufa na 17 wakajeruhiwa. Uchunguzi uliofuata uliifanya kampuni ipange upya madaraka yake: nani anawajibika kwa lipi, nani anampasha nani habari, na mengi ya hayo yaandikwe. Reli ilikuwa shughuli ya kwanza kubwa kiasi kwamba meneja hakuweza kumwita kila mtu na kumwambia ana kwa ana. Kadiri makampuni yalivyopanuka katika karne hiyo ndivyo maandishi ya ndani yalivyoongezeka, na watu wa ofisi moja wakaona hawana haja ya kuandikiana anwani ya posta wala kuitana mheshimiwa. Ndipo zikabaki zile nguzo unazozijua: kutoka kwa nani, kwa nani, tarehe gani, kuhusu nini. Hata neno lenyewe, ambalo asili yake ni Kilatini, lina maana ya jambo la kukumbukwa. Ajenda nalo ni ndugu yake, na maana yake ni mambo ya kutendwa. Rudia: ya kutendwa, si ya kujadiliwa kwa kina na mapana.

Na mstari wa KUH? Zamani ofisi zilinakili barua katika vitabu kwa kufuata tarehe, na zilizopokewa zilikunjwa na kutiwa katika vijishimo vya kabati. Aliyetaka kuipata barua ilimbidi akumbuke siku iliyoandikwa. Mwaka wa 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, ilionyeshwa njia mpya ya kuhifadhi karatasi zikiwa zimesimama wima ndani ya majalada. Sasa karatasi zingeweza kukusanywa kwa mada. Lakini karani wa majalada hana wakati wa kusoma barua nzima ili ajue aiweke wapi. Mstari mmoja wa mada juu ya barua ulimkomboa. Kwa hiyo, mtahiniwa, uandikapo KUH: MKUTANO, umemwambia karani nini? Ofisini kuna mikutano mia. Andika KUH: MKUTANO WA WAZAZI WA KIDATO CHA NNE KUHUSU KARO YA MUHULA WA PILI, naye atajua jalada gani alifungue. Sisi tunabishana katika vyumba vya walimu kama ni MINT au KUH au YAH. Mintarafu ni la Kiarabu na mengine mawili pia yana asili ya Kiarabu. Yote ni sahihi. Ubishi huo umekula saa nyingi za watu wenye shahada.

Ofisi za Kenya ziliipokea memo hiyo pamoja na lugha yake, na uhuru haukubadilisha sana hali hii. Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilikipendelea Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Mwaka wa 1974 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba Kiswahili kitumike Bungeni, na wabunge wakakisema, ila miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Wenye kusema walipewa Kiswahili. Wenye kuandika wakabaki na Kiingereza chao. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulikifanya Kiswahili kiwe somo la lazima lenye kutahiniwa, na silabasi iliyorekebishwa mwaka wa 2002 ikaziweka insha za kiuamilifu mbele. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, ikakitambua kama lugha ya taifa na tena lugha rasmi sambamba na Kiingereza.

Matokeo yake ni kichekesho fulani. Mwanafunzi wa Kenya anaweza kuandika memo kwa Kiswahili mara ishirini kabla ya kumaliza shule bila kuona hata moja iliyoandikwa na mtu kwa ajili ya kazi. Memo ya mwalimu mkuu wake iliyobandikwa ukutani ni ya Kiingereza. Barua ya karo iliyopelekwa nyumbani ni ya Kiingereza, hata kama mama yake itabidi atafsiriwe na mtoto huyo huyo. Ndiyo maana sura imekauka mikononi mwetu. Imekaa mtihanini peke yake, bila mtu wa kuirekebisha kwa kulalamika kwamba hakuelewa.

Jirani zetu walikwenda njia nyingine, na kuna mfano mmoja ambao napenda kuwapa wanafunzi wangu. Tanzania iliagiza mwaka wa 1967 kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Kuanzia mwaka wa 1968, mradi wa elimu ya watu wazima katika eneo la Ziwa, uliosaidiwa na UNESCO, ulifundisha kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi za wanafunzi wenyewe: kilimo cha pamba, migomba, uvuvi. Kisha mwaka wa 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya.

Tafakari ukubwa wa kazi hiyo. Watu wapatao milioni 2 walijifunza kwa majuma 12 kuhusu malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Waliketi katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi cha redio, kisha kijitabu kikasomwa, wakajadiliana, halafu wakaenda kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwa ajili hiyo, na wengi wao hawakuwa walimu. Katika mazingira hayo mwandishi wa kijitabu hakuwa na nafasi ya kuonyesha ufundi wa lugha. Alijua kwamba sentensi yake itasomwa kwa sauti na mtu mmoja na kusikilizwa na wengine ambao baadhi yao hawakujua kusoma, na kwamba kesho yake watu hao watashika majembe. Iwapo hatua ya tatu ingeandikwa kabla ya ya pili, shimo lingechimbwa vibaya. Hiyo ndiyo hadhira ambayo maagizo yanataka, na hiyo ndiyo tunayomnyima mtahiniwa tunapomwambia aandike maagizo ya kupika wali ili tu tuone kama ametumia vitenzi vya kuamuru.

Hebu tujaribu pamoja. Katika mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, kila lango la shule lilikuwa na bango kuhusu kunawa mikono. Bango likisema, "Dumisheni usafi wa mikono kila wakati kwa manufaa ya afya zenu," sarufi ni safi na msamiati hauna dosari. Lakini limeniambia nifanye nini? Likisema, "Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 au zaidi kabla ya kuingia," najua kitu cha kutumia, najua muda, najua wakati. Wape wanafunzi mabango hayo mawili kabla hujawapa istilahi yoyote. Waulize ni lipi linaloweza kuvunjwa. La kwanza haliwezi kuvunjwa na mtu yeyote, maana halimwagizi mtu chochote kinachopimika.

Simu ya maandishi imo katika vitabu vyetu vya kiada, na vijana wanaicheka kwa kuwa hawajapata kuiona. Usiiruke. Mtumaji alilipia kila neno, kwa hiyo aliuliza kila neno linafanya kazi gani. Ni somo zuri la ufupisho kuliko vifungu vingi vya karatasi ya pili.

Darasani kwangu nimebadilisha jambo moja tu. Kabla ya kuandika insha yoyote ya kiuamilifu, mwanafunzi huandika pembeni kwa penseli majibu mawili: nani ataisoma karatasi hii, na akimaliza kuisoma atafanya nini. Sura inafuata baadaye, na mara nyingi hujileta. Akijua kwamba msomaji wa kumbukumbu ni mtu ambaye hakuwepo, au aliyekuwepo na amesahau, au aliyekuwepo na anataka kukana, mwanafunzi mwenyewe ataona kwa nini majina ya waliohudhuria yanahitajika, kwa nini tarehe inahitajika, na kwa nini katibu na mwenyekiti hutia sahihi. Ndipo ile sehemu ya yatokanayo na kumbukumbu za mkutano uliotangulia inapata maana: ni siku ya hesabu kwa walioahidi.

Utaniuliza, je, si hatari kwa mtahiniwa? Sura ina alama zake, na mtahini hatasoma nia ya mtu. Kweli kabisa, na simwambii mtu aache kufunza sura. Mimi pia nasahihisha na kuondoa alama pale inapokosekana. Wapo wenzangu wanaoona kwamba mwanafunzi dhaifu huokolewa na kukariri, na darasa lenye wanafunzi sitini halina nafasi ya historia ya majalada ya Chicago. Siwalaumu, nimefundisha darasa kama hilo. Ila nimeona pia, katika rundo moja la karatasi za majaribio, kumbukumbu hamsini zenye sura kamilifu ambamo hakuna mkutano hata mmoja ulioamua kitu. Wote waliafikiana. Nilipofika ya ishirini hivi nilimkumbuka mama mwenyekiti na swali lake.

Mzee wetu alirudi kikundini baada ya mwenyekiti mwenyewe kumwendea nyumbani. Mkutano uliitishwa, watu wakasemezana kwa muda mrefu, na mwisho wakakubali kwamba nusu ya fedha zile ihesabiwe mchango na nusu arudishiwe. Safari hii niliandika kwamba kikundi kitamlipa mzee shilingi 2,000, kwamba mweka hazina ndiye atakayelipa, na kwamba atalipa katika mkutano wa mwezi unaofuata, mbele ya wanachama. Nikaandika jina lake na jina la mweka hazina. Sentensi zenyewe hazikuwa na tamathali hata moja.

Nilipozisoma, mzee aliomba nizirudie. Kisha akaomba daftari, ingawa hajui kusoma, akaniambia nimwonyeshe mahali ilipoandikwa 2,000. Nikamwonyesha. Akaitazama tarakimu ile kwa muda, akarudisha daftari kwa mweka hazina, akamwambia, "Na wewe tia sahihi hapo, mwanangu."